Sababu ya Badiliko

Wameileta hifadhidata Shimanzi
kwa masanduku mawili na kijana mmoja,
Mwachiro, mwenye subira ya daktari wa meno.
Seva kaifunga palipokuwa na kabati la chai.
Birika limehamia dirishani,
laangalia matangi ya mafuta.

Kila chupa ikiingia yapewa namba,
namba yapewa mistari, mistari yabandikwa ubavuni.
Jokofuni gundi yalegea kwa unyevu;
asubuhi twazikuta lebo sakafuni
na chupa tisa za maji, zote sawa, hazina mwenyewe.

Kazi yangu mimi ni madaftari.
Miaka kumi na tisa ya visima:
Likoni, Kisauni, Mikindani, Mtongwe.
Nasoma safu, naingiza:
tarehe, aliyechota, aliyepima, chumvi, nitrati.
Mashine haitaki pengo.
Uandike "sijui", yakataa.
Uache wazi, yawaka nyekundu.

Daftari lilivumilia. Daftari lilikuwa na pambizo,
na humo marehemu Shebwana aliandika
"mvua kubwa, mchotaji kachelewa",
"pipeti imevunjika, nimeazima",
na siku moja, kwa penseli, bei ya pweza.
Nikamuuliza Mwachiro: bei ya pweza naiweka wapi?
Akacheka. Akaona sicheki.
Akanifungulia kisanduku: Maelezo Mengine,
herufi mia mbili.

Jumanne, umeme umeshakatika mara mbili,
nafika kisima 386, Mtongwe, nyuma ya madrasa.
Nitrati: kumi na moja.
Nahifadhi. Naendelea.
Mistari mitatu mbele, mkono wangu wasita.

Saba ya Shebwana haikufungwa mkanda kiunoni.
Moja yake ilivaa kofia.
Miaka minane nilikaa naye meza moja
nikimwona ajumlisha kwa kidole, hewani,
na bado.
Nafunua nyuma, kwenye hesabu ghafi,
kwenye mchoro alioukwaruza kwa rula iliyopinda.
Nukta iko juu, juu kabisa, karibu itoke karatasini.
Sabini na moja.

Mwaka ule Mwanasha alizaa, maziwa yakamkatalia.
Akakoroga ya kopo kwa maji ya kisima
kwa kuwa kisima kilikuwa na cheti.
Mtoto midomo ikageuka rangi ya wino.
Tukasema ni moyo. Wengine wakasema ni jicho.
Mimi nilipeleka sukari kilo mbili matangani
na nikakaa hadi jioni.

Cheti kiko hapa, nakala ya kaboni, muhuri wa zambarau.
Kumi na moja. Yafaa kwa kunywa.
Chini, kwenye kona, herufi mbili za aliyepiga chapa:
m.s.
Munira Salim.
Shebwana aliandika sawasawa.

Nairudia 386. Nafuta moja, naweka saba.
Skrini yatulia, kisha yauliza,
kwa adabu ambayo hakuna mtu alinionyesha:
Sababu ya badiliko?

"Ile ya kwanza itapotea?" namuuliza Mwachiro.
"Haipotei, mama. Mpya yakaa juu,
ya zamani yabaki chini yake,
na saa, na jina la mkono uliogusa.
Hata mimi siwezi kuiondoa."
Amedhani nahofia kupoteza data.

Herufi mia mbili. Naandika, nafuta, naandika:
Ilikuwa saba. Nilisoma moja. Mara mbili.
Zimebaki mia na hamsini na kitu,
na sina cha kuzijaza.

Imehifadhiwa, yasema.
Kisha, kwa kuwa ndivyo ilivyofunzwa:
Tuma ripoti iliyosahihishwa kwa mteja?

Mteja hana barua pepe.
Mteja anauza viazi karai pale pale nyuma ya madrasa.
Naichapa. Yatoka ingali moto.
Naikunja mara mbili, naitia mkobani
pamoja na miwani,
navua koti jeupe, nalitundika.
Feri ni ya saa kumi na moja.